Mvua ya Jabal Umm Rih

Karatasi ya Dakta Wagdi ilisema kilele cha Jabal Umm Rih kinapata mvua mara tatu ya Aleksandria. Mbuzi wa Hamda, ambao hawakuisoma karatasi hiyo, waliendelea kutafuna katoni.

Ulikuwa mwaka wa tatu bila mvua Sinai. Kila Jumatano lori la maji lilikuja bondeni, na nyumba tisa ziliishi kwa lori hilo. Sasa Dakta alikuwa ametoka Kairo na fomu ya kuliondoa. Wenye mvua yao hawapelekewi maji. Ilibaki tu dole gumba la Hamda, mkubwa wa bonde.

"Mvua gani, mwanangu? Mimi napanda huko kila Alhamisi, mbona hainiloweshi?"

"Kilele kina hali yake ya hewa, mama. Baridi ya juu inayakamua mawingu. Kituo changu kimepima mwaka mzima, na hakisemi uongo."

"Leo si Alhamisi? Twende. Nikiona hata tone la mvua yako, natia dole gumba huko huko."

Wakapanda. Dakta, bingwa wa majangwa mwenye shahada tatu, alimaliza chupa zake kabla ya saa nne. Upepo ulikausha jasho lake kabla halijatoka vizuri. Hamda, ambaye hana shahada hata moja, alimngoja kila kona.

"Kunywa, mwanangu, utanifia." Akamsogezea kiriba chake.

Dakta alikitazama kile kiriba, ngozi nzima ya mbuzi pamoja na miguu yake. "Ahsante, mama. Tumbo langu halijazoea vijidudu."

Chini kidogo ya kilele, saa sita ilipopita, Hamda aligeukia kibla kuswali. Dakta aliendelea peke yake, ulimi umegandana na kaakaa, mpaka kwenye kituo chake: mlingoti, kipangaboi kinachozungukazunguka, na kopo la chuma la kukingia mvua chini yake.

Akafunua kopo. Maji! Akayapima kwenye glasi yenye mistari, akaandika: milimita kumi na mbili kwa wiki. Kisha akayanywa yote, akafumba macho kwa raha. Safi, maji ya mawinguni hasa. Akaongeza pembeni: harufu kidogo ya mwamba.

Hamda alipofika alitazama mbingu. Zilikuwa kavu kama jana.

"Haya, tone liko wapi?"

"Nimelinywa."

"Umelinywa!"

"Tazama ndevu zangu, mama."

Hamda alizitazama. Kweli, zilikuwa zinadondoka maji, na hapakuwa na kisima wala wingu. Roho ilimuuma, akazifikiria zile nyumba tisa. Lakini ahadi ni ahadi. Akachovya dole gumba kwenye wino, akalibandika.

Dakta alianza kuteremka akipiga mluzi.

Hamda alibaki nyuma, akainama penye lile kopo ambalo mwaka jana watu wema wasiojulikana waliliweka kwa ajili ya wapita njia. Lilikuwa tupu. Alhamdulillahi, kuna mwenye kiu aliyepita. Akafungua kiriba na kumimina kikombe kimoja cha maji ya lori, kama afanyavyo kila Alhamisi.