Sare ya Makipa

Zamani, barafu ya mlimani ilipokuwa uwanja wa wanyama, mechi ya mpira wa magongo iliisha sare.

“Tugawane kombe,” alisema Nungunungu, kipa.

“Kombe haligawanyiki!” alifoka Fisi, mshambuliaji wa timu yake. “Tupige penalti. Makipa watajua wenyewe!”

Wakapiga. Fisi akamfunga Kobe, kipa wa wapinzani. Nungunungu hakufungwa hata moja. Timu ya Kobe ikaondoka bila kumtazama. Timu ya Nungunungu ikambeba Fisi juu juu, ikaenda naye. Nungunungu je? Nani akumbatie miiba?

Wakabaki wawili kwenye barafu.

Kobe akajikokota hadi kwa Nungunungu, akaegemeza gamba lake gumu kwenye miiba ile.

“Kombe wamelichukua,” alisema, “lakini mimi na wewe, mwenzangu, bado tuko sare.”