Siku Niliyopiga Simu Mimi

Mume wangu alikuwa chini jikoni, kandambili moja mguuni, nyingine imelowa chai iliyomwagika. Nikapiga namba ya dharura. Kazini, simu hizo mimi ndiye huzipokea, mwaka wa kumi na tisa huu.

"Dharura, tukusaidie nini?" sauti ikauliza.

"Dharura, tukusaidie nini?" nikajibu. Mdomo ulitangulia akili.



"Dada mkubwa, ni wewe?" Alikuwa yule binti niliyemfundisha kazi mwenyewe. "Kuna nini huko nyumbani?"

"Tulia, mama," nikamwambia. "Usikate simu. Mgonjwa anapumua?"

"Dada, mimi siko hapo! Mwangalie wewe!"

Nikampa mume wangu mgongo, nikashika kalamu, nikasubiri binti anijibu.