Sweta la Mtoto wa Twiga

Hii ni ya wanyama tu. Ukimwona bosi wako humu, hayo ni macho yako.

Ndege Mnana alifuma nguo na kuziuza kwa posta: mteja anachagua kwenye katalogi, Kobe anampelekea. Mwanzoni oda zilimiminika. Kisha zikapungua, hadi Mnana akaogopa kufunga karakana.

"Biashara haikui," alisema. "Strateji ni moja: tunenepeshe katalogi." Katalogi ikanenepa, na wa kuibeba alikuwa Kobe yuleyule.

Swala akaja kuomba kazi ya kupeleka mizigo.

"CV yako ni safi," Mnana alimwambia, "ila huna experience, mdogo wangu. Kobe yuko barabarani miaka kumi."

"Sawa, bosi. Miaka kumi yote na mzigo uleule mmoja?"

"Usimdharau shemeji yangu."

"Kumbe ni shemeji. Ungesema mapema, nisingechapisha vyeti."

Kabla hajatoka, Mama Twiga aliingia akiinama, ameshika kisweta. "Nilimwagizia mwanangu alipozaliwa. Kimefika jana." Nje, mwanawe alikuwa anachungulia kutoka juu ya paa. Kile kisweta kingemtosha sikio.

"Unalia biashara haikui, Mama Mnana," Twiga alisema taratibu. "Wateja wako tunakua."

Mnana alikitazama kisweta, akamtazama Swala, akafikiri sana.

Kesho yake alitoa katalogi mpya, nene zaidi, imeandikwa juu: "Mpendwa mteja, agiza saizi ya mwakani." Akamkabidhi Kobe nakala azisambaze.

Karakana ilifungwa Kobe akiwa bado njiani.