Mlango wa Majivuni

Siku hizi kila jiko lina tanuri la kiwanda. Kabla hujapika uji, unachoma mlango mmoja wa gari mpaka uwe mwekundu, kisha unautumbukiza kwenye maji baridi ili chuma kiwe kigumu.

"Harakisha, bibi kizee," alinifokea mkaguzi Mbwilo, mtani wangu.

"Toka jikoni kwangu, uso kama sufuria iliyoungua!"

Alipotoka, niliufukia mlango aliokuwa akiungoja majivuni upoe polepole, ubaki laini. Nilicheka peke yangu.

Jioni alirudi, akaugonga muhuri bila kuupima. "Huu ni wa gari la shule ya mjukuu wako."

"Uache, mwanangu. Huo ni mbovu."

"Leo mimi mwanao? Utani wako nimeuzoea." Akaondoka nao.

Mjukuu wangu Tunu hupenda kukaa karibu na mlango.