Padri wa Kukodi

Kanzu ilikuwa ya kukodi, kutoka duka la mavazi ya kanivali, na ilimbana tumboni. Adérito Falcato alipanda ngazi za nyumba ya Mzee Zeferino huku akimwomba Mungu vifungo visifyatuke kabla hajamfikia mgonjwa. Ndiyo sala pekee aliyoisali kwa moyo wote mwaka ule.

Mzee Zeferino alikuwa anakufa, na mtaa mzima wa Belém ulijua. Ndiye pekee aliyekuwa amebaki kati ya watu walioapa kuitunza resipi ya vikeki vya kastadi vya Santa Quitéria, bekari kongwe ambayo foleni yake hufika hadi kwenye reli za tramu, mvua inyeshe, jua liwake. Chumba cha kuchanganyia alikifunga mwenyewe kwa ufunguo. Hata wenye bekari hawakuthubutu kuchungulia.

Adérito alikuwa na duka ng'ambo ya barabara. Naye aliuza vikeki vya kastadi. Wateja wake walikuwa wale walioshindwa na foleni ya upande wa pili, na wale waliotaka kutumia choo. Maisha yake yote alijaribu kuiga: akabadili siagi, akabadili tanuri, akabadili hata kuku. Vikeki vikatoka vimenywea kama soksi zilizolowa. Na sasa mzee alikuwa anakwenda kaburini na siri yake.

"Bora nichomwe motoni nikiwa na resipi," alijiambia mlangoni, "kuliko niende mbinguni watu wakinicheka."

Aliyemfungulia ni Felismina, mpwa wa mzee, aliyetoka mbali, mji wa Bragança, kuja kumuuguza. Hakumjua Adérito hata kwa sura.

"Afadhali umefika, Baba! Padri wetu kaenda kuhiji huko Fátima na waumini. Nilishaanza kukata tamaa."

"Tuache peke yetu, binti," alisema Adérito kwa sauti nzito aliyoifanyia mazoezi bafuni.

Chumbani mapazia yalikuwa yameshushwa. Mzee alilala chali, mwembamba kama ufagio, macho ameyafumba nusu. Adérito akaketi, akajiziba mdomo kwa leso kama mwenye mafua.

"Unanukia siagi, Padri," alisema mzee.

"Nimetoka kula."

"Siagi ya bei rahisi. Haya, tuanze. Nimetenda dhambi."

Akaanza kuzitaja. Alimtukana askofu. Utotoni alikojoa kisimani mwa masista. Alilala misani, tena alikoroma. Adérito alivumilia kadiri alivyoweza.

"Hayo Mungu alishayasahau, mwanangu. Hakuna siri nzito zaidi? Ya kazini, kwa mfano?"

"Mapadri wengine huulizia wanawake kwanza."

"Kila padri na zake."

Mzee alishikwa na kikohozi kirefu, kitanda kikatikisika chote. Alipotulia, alipangusa machozi.

"Ipo moja. Nilivunja kiapo. Ile resipi nilimpa mtu."

"Nani?" Adérito aliruka hata akasahau sauti nzito.

"Mwanamke. Lucinda, mke wa yule bwege wa ng'ambo, Adérito. Unamfahamu?"

"Nime... nimemsikia."

"Basi kila Jumapili bwege akienda mpirani, mimi nilikuwa napita mlango wa nyuma. Nilimpenda, Padri. Nikampa kila kitu: viini, sukari, mdalasini, moto. Vyote anavyo kichwani."

Adérito alitamani kumnyonga kwa stola, ule utepe wa kipadri uliomning'inia shingoni. Lakini padri hanyongi mtu, na nyayo za Felismina zilisikika nyuma ya mlango.

"Na mbona... mbona hakumwambia mumewe?"

"Alisema mumewe ana mikono ya fundi bomba. Ataiaibisha tu." Mzee akashusha pumzi. "Niondolee dhambi, Padri. Nakufa mie."

Adérito akainua mkono, akachora msalaba kinyumenyume. "Umeondolewa. Zote. Hata hiyo."

"Hasa hiyo," alisema mzee, akageukia ukutani, mabega yakimtikisika.

Adérito aliteremka kilima nusu akikimbia, kanzu ameikunja magotini. Vibibi viwili vilimpigia ishara ya msalaba. Akavipita bila kuvitazama. Mwanzoni aliwaza kuua. Kisha akawaza kuhama, aende kwa dada yake huko Setúbal. Alipofika kwenye reli za tramu aliiona ile foleni, ndefu, inavumilia jua, watalii Wajerumani kwa Wajapani, na mawazo yakambadilika. Akilini aliiona imegeuka, inavuka barabara, inaingia dukani kwake. Lucinda alikuwa nayo kichwani! Resipi ilikuwa imelala naye kitanda kimoja miaka yote hiyo!

Alimkuta mkewe jikoni, anamenya viazi.

"Lucinda, nimejua yote."

Lucinda alimtazama mumewe, akaitazama kanzu, kisu kikamponyoka mkononi. "Yapi?"

"Ya Jumapili. Nikienda mpirani."

Lucinda akaketi taratibu. Rangi ilikuwa imemtoka. "Nani kakwambia?"

"Mwenyewe. Kaungama kwa mdomo wake."

"Kaungama! Mwoga mkubwa yule!" Alianza kulia. "Adérito, mume wangu, nisamehe. Upweke tu. Wewe na mpira wako, wewe na kuku wako..."

"Nimeshakusamehe," alisema Adérito, na ajabu ni kwamba alimaanisha. Alipiga magoti mbele yake, kifungo kimoja kikafyatuka, akaishika mikono yake iliyolowa. "Yameisha, mke wangu. Sitauliza neno. Nipe tu resipi."

Lucinda akaacha kulia. "Resipi gani?"

"Ya Santa Quitéria! Aliyokupa Zeferino!"

"Zeferino?" Alimkodolea macho. "Yule babu wa ng'ambo? Huyo hata salamu hatujawahi kupeana. Mimi nilidhani unamsema daktari wa meno."