Rangi ya Kumenyea Ndizi

Klaudia alipaka kucha za mkono mmoja rangi mbili nyekundu zinazofanana: gumba rangi ya bei rahisi, vidole vingine ya ghali. Zilipokauka akachukua kisu, akaketi jikoni na mama mkwe wake kumenya ndizi za mchana.

“Umepaka rangi halafu unamenya?”

“Najaribu rangi mbili, mama, ya bei rahisi na ya ghali. Nataka kuanza kupaka wanawake kucha hapa nyumbani, na kijijini Kanazi hapa kila mtu anamenya ndizi. Rangi ikibanduka siku ya kwanza, nani atarudi?”

Pesa yake ilitosha kununua ile rahisi tu; ya ghali aliazima. Hilo hakulisema.

Walipomaliza mkungu, utomvu ulikuwa umemganda vidole vyote. Akasugua kwa mafuta, akanawa, akaogopa kuangalia. Akamnyooshea mama mkwe mkono.

“Nionyeshe ya ghali ni ipi.”

Mama mkwe akavigeuza vidole kwenye mwanga wa mlango, kimoja kimoja, bila haraka. Akashika gumba.

“Hii. Haijabanduka hata kidogo.”

Klaudia akashusha pumzi. “Hiyo ndiyo ya bei rahisi, mama.”

Mama mkwe akafuta vidole vyake vyeusi kwenye khanga, akanyoosha mkono naye apakwe.