Tarbushi Juu ya Kisiki

Palikuwa na Nguchiro mwenye mazoea ya kumwamkia kila mpita njia, na hakuna aliyejisumbua kumwitikia. Siku moja akaokota tarbushi nyekundu yenye kishada cheusi, akaivaa. Lahaula! Njia nzima ikabadilika. Pundamilia akampisha kisimani. Hata Kobe, wa umri wa babu yake, akainamisha shingo: "Shikamoo, mzee."

"Marahaba," akaitika Nguchiro, kifua mbele.

Kesho yake joto likamzidi, akaitundika tarbushi juu ya kisiki, akaketi kando kujipepea. Kobe akaja, akasimama mbele ya kisiki.

"Shikamoo, mzee." Kisha akamgeukia Nguchiro: "We kijana, sogea, unamzibia mzee upepo."

"Babu, hicho ni kisiki! Jana uliniamkia mimi."

Kobe akamtazama juu hadi chini. "Wewe? Jana nilimwamkia huyuhuyu."

Akangoja. Kisiki kimya. Nguchiro akaiona ile shingo ya kizee ikianza kurudi gambani bila jibu, na uchungu huo aliujua vizuri.

"Marahaba," akaitika kwa sauti ndogo, kwa niaba ya kisiki.